Shangazi Alipoinuka Kutunza

Mara ya kwanza mwalimu wa historia ya muziki alinifelisha kwa haki kabisa. Nilieleza habari za mtunzi mweusi aliyeishi hapahapa London karne ya kumi na nane: inasimuliwa alizaliwa ndani ya meli ya watumwa, akatumikia nyumba za wakubwa, akachapisha muziki wake, baadaye akafungua duka la chai na sukari. Hayo kweli. Ila mimi nikamrefusha akaipita Big Ben, na foleni ya wateja wake nikaifikisha Barking, mashariki kabisa mwa jiji. Mwalimu akauliza swali moja tu: muziki wenyewe ulikuwa wa kufanyia nini? Nikairefusha foleni zaidi.

Nikapewa nafasi ya mwisho, Jumamosi mchana, mbele ya darasa na wageni. Nikianguka tena, cheti basi, narudia mwaka mzima wa masomo ya jioni. Na kazini nilishabadilisha zamu mpaka meneja akiniona anajificha.

Mwanafunzi mwenzangu, nesi wa Mombasa, alikubali kupiga kipande kimoja cha mtunzi huyo kwa fidla. Mgeni wangu alikuwa shangazi, Mpemba wa mtaa wa Kilburn, ambaye hajakosa taarabu tangu dunia iumbwe. Nilimsihi akae tu, asikilize.

Nesi alipofika katikati, shangazi akainuka. Akaja mbele kwa madaha, mabega yakifuata mdundo, noti ya pauni tano ikipepea mkononi, akaipachika kwenye ushungi wa nesi. Nesi akatabasamu, akaendelea kupiga. Mwalimu akaweka kalamu chini. Jasho lililonitoka lingejaza Mto Thames.

Nikamfuata shangazi, nikamnong'oneza kwamba hapa watu hawatunzi, wanakaa.

"Watakaaje, na huyu bwana katunga watu wacheze?" akasema. "Hebu niwache, mwanangu."

Hapo nikakumbuka. Chini ya muziki wake mtunzi ameandika hatua za kucheza, mstari kwa mstari. Nilizisoma, nikaziruka, nikitafuta makubwa. Nikamgeukia mwalimu nikamwambia, bila kutia chumvi hata punje, kwamba jibu la swali lake limesimama pale na kanga yake.

Mwalimu akaomba viti visogezwe ukutani, nesi aanze upya. Nikasoma hatua kwa sauti, na shangazi akamshika mwalimu mkono, wakacheza.

Cheti changu kinaning'inia sebuleni kwa shangazi, Kilburn. Amekataa katakata kunipa. Anasema ni chake.