Vidonge vya Dokta Majani

Mama Pasi hakulowesha nguo ya mtu bila kupekua mifuko. Dobi asiyepekua huishia kugombana na watu kwa simu zilizolowa. Jumatatu ile alitia mkono kwenye koti jeupe la Dokta Majani, muuza mitishamba wa mtaa wa pili, akatoa pakiti ya vidonge. Alipoisoma, akaketi juu ya rundo la mashuka.

Vilikuwa vidonge vya presha, vilevile alivyokuwa akimpa marehemu mumewe kila asubuhi. Mumewe alikuwa seremala, moyo wake umetanuka, na kwa miaka miwili alikaa vizuri tu: vidonge, chumvi kidogo, matembezi ya jioni, na zoezi la kuvuta pumzi polepole alilofundishwa na muuguzi wa kliniki ya moyo. Hata chai yake ya tangawizi muuguzi hakuikataza. "Kunywa, baba, ila usinifiche unachokunywa, na vidonge usiache."

Ndipo Dokta Majani alipomshika masikio. Mizizi yangu na vidonge vya hospitali, alimwambia, havipatani, chagua kimoja. Seremala akavimwaga chooni. Mwezi wa tatu tangu hapo alianguka kwenye vumbi la mbao, randa ingali mkononi.

Kumbe bwana mkubwa mwenyewe anameza!

Mama Pasi aliificha ile pakiti kwenye mkebe wa vifungo, na tusimpake mafuta, alifurahi. Alitaka moyo umwende mbio yule mtu mpaka aone cha mtema kuni. Kesho yake Dokta alikuja mwenyewe, kijasho kinamtoka.

"Mama, kwenye koti langu hukukuta kitu?"

"Kitu gani, Dokta?"

"Karatasi tu."

"Karatasi sijaona."

Akaondoka. Kununua vingine duka la dawa la hapo mtaani, mbele ya wateja wake, hakuthubutu.

Jumatano Mama Pasi alipiga pasi koti lile huku kichwani akimwona Dokta amekufa. Akauona na msiba wake: watu wamefurika, wanalia, wanamwita mponyaji. Pasi ikasimama. Yaani afe na sifa zake? Haiwezekani. Huyu lazima aishi.

Alhamisi alimpelekea koti dukani kwake. Benchi la wagonjwa lilijaa. Dokta alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, macho mekundu. Mama Pasi aliweka pakiti mbele yake, na glasi ya maji pembeni.

"Dawa yako ya presha, Dokta. Ya hospitali. Siku tatu hujameza."

"Si yangu hiyo."

"Sawa. Basi naitupa." Akaichukua, akageuka kuelekea mlangoni.

"Ngoja!"

Dokta alimpokonya pakiti, akaichana. Kidonge kilimponyoka, kikaanguka sakafuni, akapiga magoti kukitafuta chini ya benchi, katikati ya miguu ya wagonjwa wake. Alipokipata alikimeza hapohapo, hata maji hakusubiri. Mama Pasi alimtazama, akasikia raha ambayo hakuwa ameipata tangu siku ya mazishi ya mumewe.

Bibi mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, chupa ya mizizi mapajani, alikuwa wa kwanza kufungua kinywa.

"Mwanangu," alimwambia Dokta, "na vile vidonge vyangu ulivyoniambia nichome moto?"