Mkono wa Pole Kando ya Ziwa

Mama wa rafiki yangu alifariki nikiwa Dar es Salaam, nami nikatuma ujumbe wa simu. Niliandika maneno mazuri, nikayasoma mara tatu kabla ya kuyatuma, nikajiridhisha kuwa nimemlilia vya kutosha mwanamke aliyenilisha kwa mkono wake tangu nina miaka saba. Jibu halikuja. Mwaka ukapita.

Kwa hiyo niliposikia kwamba wanawake tuliosoma pamoja Wete, kisiwani kwetu, wamekodi gari kwenda kushinda kutwa katika msitu wa Ngezi, na yeye yumo, nilivuka bahari. Nilitaka jambo moja tu: nimpe mkono wa pole, aupokee, turudi tulivyokuwa.

Kwao ni Makangale, karibu na msitu, hivyo tulimkuta ameshafika, amekaa juu ya mzizi na sufuria ya pilau pembeni.

"Umekuja," aliniambia.

"Nimekuja."

"Haya."

Tukafuata njia ya miguu hadi kwenye ziwa dogo lililo ndani ya msitu. Miwale imelizunguka, makuti yake marefu yameinama mpaka karibu kugusa maji, na maji yenyewe ni meusi kama chai iliyochemka ikasahauliwa jikoni. Upepo haufiki pale. Jani likianguka, unalisikia.

Tulipomaliza kula, mmoja akatoa mpira wa soksi, akasema tucheze nage. Wanawake wazima, wenye watoto wa skuli, tukakunja mabuibui na kuchora mistari mchangani. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, aliye katikati anakwepa, ukipigwa, umetoka. Rafiki yangu alishika upande mmoja. Tangu udogoni hakuwa akikosa.

Akawatoa wote, mmoja baada ya mwingine. Mnene wetu alipigwa mgongoni, akalalamika kuwa huo si mchezo, ni kesi ya kupeleka kwa sheha. Ikafika zamu yangu.

"Huyo hatoki salama," mnene akasema. "Kazoea lifti za Dar huyo. Tazama anavyokimbia, kama bi harusi."

Mpira ukapita juu ya kichwa changu. Wa pili ukapita mbali upande wa kushoto. Wa tatu ukabingirika taratibu hadi miguuni pangu, nikauokota na kumrudishia mwenyewe.

"Mpige basi," wenzake wakamwambia.

"Mkono umechoka," akajibu.

Nilikaa katikati muda mrefu, sikuguswa. Katika nage huo ni ushindi, na wenzangu wakanipigia makofi. Mimi nilikuwa nikitamani anilenge, hata usoni.

Aliposhuka ziwani kutia udhu, nikamfuata. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mkono.

"Nakupa pole ya mama," nikasema.

Aliutazama mkono wangu, kisha akatazama buibui langu lililokunjwa na miguu yangu yenye mchanga.

"Hapa?"

"Hapa. Sijui nitakuona wapi tena."

"Mama yangu hakufa matembezini," akasema, bila kupandisha sauti. "Kafia nyumbani. Watu wakaja nyumbani, wakakaa mkekani. Wa kisiwani Fundo walivuka wakaja na mvua inanyesha, nguo zimewaganda mwilini. Bibi akawa anauliza, mjukuu wangu mwengine yuko wapi?"

"Nilikuandikia."

"Niliusoma. Nikamsomea na bibi. Akasema maneno mazuri. Halafu akauliza unakuja lini."

Akainama, akaendelea kunawa. Mkono wangu ukabaki hewani, sijui niurudishe vipi.

Alasiri gari lilipopita Makangale niliomba kushuka. Yeye naye alishuka hapo kwao, akatangulia mbele kwa hatua za haraka. Hakuningoja, wala hakunikataza. Bibi yake alikuwa ukumbini. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Umechelewa, mjukuu wangu."

"Nimechelewa, bibi."

Tukanyanyua viganja, tukamsomea marehemu fatiha. Hapo ndipo nilipolia, kilio cha kweli, kile ambacho simu haikubeba. Bibi akaniacha nilie. Nyuma ya nyumba, rafiki yangu alikuwa akisugua sufuria ya pilau. Alisugua muda ambao ungetosha sufuria kumi.

"Nimwite?" nikauliza.

"Mwache. Weye umelia leo. Yeye kalia mwaka mzima, na wa kulia naye hakuwapo." Akaongeza, "Njoo kesho."

Kesho nilikuwa na boti ya kurudi Dar es Salaam. Nikamwambia nitakuja.

Nikavaa viatu, nikashika njia kwenda kutafuta gari la Wete. Bibi miguu haimruhusu, na wa kunisindikiza alikuwa uani. Nilitembea peke yangu mpaka barabarani.