Nyumba Ndogo Katika Atelye Yangu

Mimi sikufika mbali na masomo. Nilimaliza mwaka wa tatu wa primeri kwetu Butembo, papa akafariki, nikashika randa ya seremala. Ninaandika hayo bila haya, juu mikono hii imesimamisha nyumba nyingi za mbao hapa Goma, pale Katindo, na hakuna siku nilienda kwa mutu kuomba chakula. Lakini kuna muda niliishi ndani ya iniversite bila kujiandikisha. Iniversite njo ilikuja kwangu, ikakaa juu ya benchi yangu ya kazi, ikakula maharage ya bibi yangu, mama wa watoto wangu, na kupoteza penseli zangu zote.

Ilikuwa miaka ile vita vilishuka na barabara ya Rutshuru, vikarudi, vikashuka tena. Watu wa Kalengera walifika na magodoro kichwani, makanisa na shule zikajaa. Na katikati ya hayo yote, kila asubuhi kabla ya jua, binti yangu mukubwa alifungua mulango kwenda masomo. Alikuwa mwaka wa tatu, katika mambo ya ujenzi. Alitembea kwa miguu mupaka kwenye lami, viatu ndani ya mufuko wa plastiki, juu kwenye mawe yetu ya volkano kiatu cha iniversite hakimalizi mwezi. Kwenye lami alikutana na wenzake wawili, wakapanda watatu juu ya moto moja, pikipiki ya kulipa, wa nyuma akikumbatia sillabusi, vitabu vya masomo, za wote. Siku ingine wanajeshi walifunga njia. Anarudi kabla ya saa tatu, anavua nguo ya masomo, anafunga kikwembe na kuanza kupiga musasa viti vyangu. Hasira yake ilifanya viti vile ving'ae. Jioni za siku zingine alirudi na vumbi jeusi mupaka kwenye kope, na njaa ya mutu aliyelima.

Mwaka ule profesa wao aliwapatia kazi ya kundi. Watu wane, nyumba moja ya familia iliyokimbia vita. Waifanye ya mbao, ndogo mara kumi kuliko ya kweli, wailete mbele ya kalasi yote na kuieleza. Pwenti ni moja kwa wote wane. Na aliweka sheria: mukono wa fundi ukionekana ndani yake, ni zero, na zero katika kazi ile maana yake ni kurudia mwaka.

Kwa hiyo siku walipofika kwangu mara ya kwanza, binti yangu alisema mbele ya wenzake, makusudi, ili nione haya baadaye nikigusa.

"Papa, utatupatia kona moja na mabaki ya mbao. Lakini usiguse."

"Niguse nini? Niko na kazi yangu."

"Usiguse, papa."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Pamoja naye kulikuwa na kijana wa miwani, wa kwetu Butembo, ambaye hakuachana na rula hata wakati wa kula. Kulikuwa na kijana murefu wa Beni, ambaye mama yake alikuwa anaishi chini ya bashi, turubai la plastiki, nyuma ya kanisa. Na kulikuwa na musichana wa familia ya Waislamu, wazee wao walitoka Maniema. Papa yake alikuwa shofa wa lori, alileta samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, na mufuko wa masomo wa musichana yule ulisafiri ndani ya lori ile pamoja na samaki.

"We wa Vitshumbi," kijana wa Beni alimwambia kila siku, "tundika mufuko wako nje. Paka wa jirani wameanza kupanga mustari."

"Paka wana akili kukupita. Wao wanajua penye chakula kiko. Wewe unangoja maharage ya mama wa watu."

Na maharage yalikuja, wakayamaliza, wakaanza kugombana juu ya milimeta. Yule wa miwani aliinama, akapima, akapiga kelele, "Imepita milimeta mbili! Muzee, angalia, milimeta mbili!" Nilimwambia, "Kwenye milimeta mbili hata mende hapiti." Wakacheka. Walicheka pia kamba yangu ya kupimia, yenye mafundo. Mimi sikukasirika, juu ile kamba imejenga, na rula yao ilikuwa bado.

Wiki tatu atelye yangu, chumba changu cha kazi, ilikuwa vile. Nilianza kuchelewa kufunga, mimi ambaye wateja wangu walijua kwamba saa kumi na moja ninazungusha kofuli. Nilipiga randa polepole ili nisikie wanabishana nini. Binti yangu nyumbani alikuwa mutu wa maneno machache. Pale nilimusikia akigombeza vijana wawili wazima kama mukubwa wa kazi, nao wakitii. Sikuwa namujua vile.

Siku ya Posho, Jumamosi, walimaliza. Waliiweka juu ya meza, wakaniaga, wakaenda. Nilipobaki peke yangu nilizunguka meza na kuangalia, juu macho hayakukatazwa. Kuta zilikuwa sawa, na bati lake, la kopo la maziwa, lilikatwa vizuri. Kisha nikaangalia chini. Walikuwa wamejaza sanduku udongo mwekundu, na nguzo zote sita zimezama ndani. Wameandika pembeni, kwa kipimo cha nyumba ya kweli: sentimeta makumi nane.

Nilikaa chini. Makumi nane chini ya Goma? Chini ya Goma hakuna udongo. Kuna jiwe lililotoka mulimani likiwa moto. Mimi mwenyewe nilipofika toka Butembo, kijana, nilitaka kusimamisha nguzo vile kwetu wanasimamisha katika udongo mwekundu. Nilichimba siku tatu tundu moja. Jembe likapinda, majirani wakasimama mikono kiunoni wakiniuliza kama ninatafuta dhahabu. Ni hapo nilijifunza. Nyumba ya mbao ya Goma haichimbiwi, inakalishwa juu ya mawe, na mbao zake zinaingiana, ili siku mwenye kiwanja anakufukuza, ao vita vinakufukuza, unaifungua mubao kwa mubao na kuondoka nayo. Na hawa wane, watatu wao watoto wa watu wa udongo mwekundu, walikuwa wamejengea mukimbizi nyumba ambayo hawezi kuipanda wala kuing'oa. Na ilikuwa inatoka katika atelye yangu!

Ningeweza kungoja Kazi Moja, Jumatatu, na kufungua kinywa tu. Kinywa pia hakikukatazwa. Ninasema hivi ili musizani sikujua. Nilijua.

Siku ya Mungu bibi yangu na watoto walienda misa. Mimi niliingia atelye. Nilitoa udongo, nikakata nguzo, nikachonga ndimi za mbao na matundu ya kuziingiza, nikaikalisha nyumba juu ya mawe madogo meusi niliyookota njiani. Kila kipande nilikitia alama yangu kwa kisu, mukato mumoja, mikato miwili, kimusalaba, ili kijue jirani yake. Ndivyo ninafanya toka zamani, juu mvua inafuta tarakimu lakini haifuti kisu. Walipotoka misa nilikuwa nimemaliza, na nilikuwa na furaha kama mutu mwenye kuoa.

Kazi Moja asubuhi waliingia wote wane. Binti yangu aliweka kidole kwenye pembe, pale mubao unaingia ndani ya mwenzake, akakipitisha taratibu.

"Papa. Ulikosa misa juu ya hii?"

"Nimewaokoa. Mulichimba Goma makumi nane! Ni nani atawachimbia?"

"Umetuua, papa."

Kijana wa Beni aliizunguka. "Muzee, iko muzuri," alisema. "Njo shida yenyewe. Iko muzuri kupita."

Yule wa miwani alisema kwa sauti ndogo, "Kwetu Butembo tunachimba."

"Hapa si kwetu Butembo," nilimujibu. Alivua miwani akaipanguza, na haikuwa na uchafu.

Kazi ilipaswa kuelezwa kesho yake. Muda wa kutengeneza ingine haukuwepo. Musichana wa shofa alisema, "Tuseme tu ni sisi. Nani atajua?" Binti yangu alivuta mubao mumoja akaangalia alama yake. Wakaamua angalau waijue. Siku nzima waliifungua na kuisimamisha, wakijifunza alama zangu, na mimi wakanikalisha juu ya kiti na kunipatia kikombe cha chai cha kushika na mikono miwili, ili mukono wangu usitoke tena. Nilipotaka kuonyesha kitu nilionyesha na kidevu.

Kesho yake niliisukuma juu ya tshukudu yangu, kigari cha kubebea mbao, imefunikwa kikwembe cheupe, nao wane wanatembea pembeni. Mama mumoja muuza ndizi alisimama akafanya alama ya musalaba. Alizani tunaenda kuzika mutoto. Siku zile haikuwa kitu cha kushangaza. Vijana walicheka mupaka machozi. Binti yangu hakucheka.

Mimi nilibaki nje ya dirisha la kalasi. Profesa alikuwa mutu mufupi, chaki kwenye mikono ya koti. Aliinama, akavuta mubao mumoja na vidole viwili, ukatoka, akaurudisha, ukaingia bila kelele.

"Ni nani alichonga hii?"

Musichana wa shofa alifungua kinywa, lakini binti yangu alimutangulia.

"Ni papa yangu, profesa. Siku ya Mungu, hatukuwepo. Yetu ilikuwa na kosa na sisi hatukuliona."

Kijana wa Beni alifunga macho. Mimi sikuweza tena kusimama pale nje. Nikaingia.

"Mimi njo nilifanya. Hawa watoto hawana kosa."

"Muzee," profesa alisema, "hakuna mutu alikuita."

Kalasi yote ikacheka. Toka niko mutu muzima hakuna aliyenifunga kinywa vile mbele ya watu. Nikatoka, nikarudi kwenye dirisha langu.

Kisha aliwauliza juu ya kosa lile. Binti yangu alieleza jiwe, na nguzo, na namna nyumba inafunguliwa. Aliongea kwa Kifaransa, sikushika yote, lakini mikono yake ilifanya kile mikono yangu inafanya. Yule wa Beni akaongeza kwamba mama yake amehama mara tatu, na kila mara ameacha nguzo ardhini na kuondoka na bashi tu. Hapo kalasi haikucheka.

Profesa alitoa penseli kwenye mufuko wa koti. "Zero nimeiandika," alisema, "lakini nimeiandika na penseli. Muko na wiki mbili. Muniletee yenu, na yule muzee asiingie."

Nyumbani binti yangu alirudilia sheria ile kwa maneno yake. Toka saa sita mupaka jioni, mimi nisikanyage atelye yangu mwenyewe. Nilikaa wiki mbili ngambo ya njia, kwa jirani anayetengeneza viatu. Wateja walipita.

"Muzee, wamekufukuza?"

"Ninapumzika."

Kupumzika gani! Nilisikia kila kitu. Nilisikia musumari unapinda. Nilisikia mubao unapasuka na nikajua wamechonga kwa kufuata nyuzi za muti, na nikasimama, na jirani akanishika goti: "Muzee, kaa." Siku moja mizinga ililia upande wa kaskazini, watu wote njiani wakainua vichwa. Nyundo ndani ya atelye ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, na nikasikia yule wa samaki anamwambia yule wa Beni kwamba hata bomu lina shabaha kumupita. Masomo yalifungwa siku tatu wiki ile. Wao walikuja siku zote tatu.

Sasa wamesambaa. Yule wa miwani yuko Kinshasa, yule wa Beni sijui, na binti yangu ana watoto wake na nyumba ya matofali. Atelye imenyamaza na penseli zangu ziko zote. Ningewapatia wazipoteze tena.

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili walitoka nayo bila kuifunika. Niliiona kutoka ngambo ya njia. Ilikuwa juu ya mawe, ndimi zake zimeingia, zingine kwa nguvu. Ukuta wa kushoto ulikuwa umelala kidogo upande wa nje.

"Papa, usiseme kitu," binti yangu alisema akipita.

"Sijasema."

"Macho yako yanasema."

Niligeuka nikaangalia viatu vya jirani mupaka moto ziliondoka. Binti yangu alirudi mchana, peke yake, anatembea katikati ya njia kama mwenye njia. Hakuingia nyumbani, alivuka moja kwa moja mupaka nilipokaa.

"Kumi na mbili juu ya makumi mbili," alisema. "Nimepita, papa. Tumepita wote."

Mimi, juu ya ule ukuta, ningewapa kumi. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilimwambia bibi yangu aweke maharage mengi, wenzake walikuwa nyuma wanakuja, na habari ya ukuta sikuitoa kinywani mupaka leo ninapoiandika.