Gitaa Lililozeeshwa Kiwandani

Gitaa langu la umeme nililinunua jipya likiwa kuukuu. Ndivyo lilivyotengenezwa: rangi nyeupe iliyogeuzwa manjano, kingo zimebanduliwa makusudi ili lifanane na magitaa ya zamani. Nililipiga miaka kadhaa katika bendi ya hoteli moja ya Bamburi, mpaka hoteli ikatambua kwamba muziki wa kompyuta hauombi chakula cha usiku. Bendi ikavunjika, gitaa likahamia nyuma ya kabati letu huku Bombolulu, na kila mke wangu akifagia, linamwangukia.

"Kama hulipigi, liuze," akasema. "Ama nitalianikia nguo."

Nikalipiga picha, nikaliweka mtandaoni, nikaeleza wazi kwamba ile mikwaruzo ni ya kiwandani. Kazi bure. Wa kwanza aliuliza, "Liliungua?" Wa pili alitaka tubadilishane kwa mbuzi mwenye mimba. Wa tatu akaandika, "Yaani ulilipa zaidi ili lije limechakaa?" Huyo sikumjibu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya nne ukaingia ujumbe wa adabu: "Assalamu alaikum. Natumai hujambo, na walio nyumbani hawajambo. Nimeona gitaa. Ningependa kulisikia." Nikasema moyoni, huyu ni mzee, mpigaji wa taarabu wa siku nyingi. Tukaahidiana Jumamosi alasiri.

Aliyeshuka kwenye tuktuk alikuwa mama mtu mzima kutoka Likoni, na buibui lake na miwani inaning'inia kifuani. Nikamwamkia shikamoo huku nikichungulia nyuma yake.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Mpigaji, mama."

"Ndiye mimi."

Akaketi, akatandika leso mapajani, akalipakata gitaa. Nikamchomekea waya kwenye spika. Akagusa uzi mmoja, akakunja uso.

"Mwanangu, wallahi, hili ulikuwa ukiwapigia watu wazima?"

Asubuhi ile nilikuwa nimeziweka sawa nyuzi kwa kutumia simu. Yeye akakaza huu, akalegeza ule, kwa sikio tu. Kisha akaanza chakacha.

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, kiuno kishaanza kazi kabla ya miguu. Jirani wa juu akaingia bila hodi. Mimi nilibanwa pembeni ya mlango kama mgeni. Mdundo huohuo niliwapigia watalii miaka yote, nao waliendelea kutafuna.

Alipomaliza, mke wangu alimuuliza alijifunza wapi. Akasema alipokuwa msichana alipiga katika kikundi cha wanawake, harusini. Alipoolewa, mumewe akamwomba aache.

"Alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu," akasema. "Ila hakupenda kelele. Miaka thelathini na minne nimempa kimya chake. Eda nimemaliza. Sasa ni zamu yangu."

Mke wangu akanivuta kando. "Kwani unaliuza kwa nini?"

Nikamtazama. "Si wewe ulisema?"

"Nilisema wakati sijui kama linaweza kulia hivyo."

Kweli, hata mimi nilishikwa na choyo. Nilitaka kusema nimebadili nia. Lakini nikaangalia vidole vya yule mama: vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu kwa kukosa mazoezi, naye hataki kuvitoa kwenye nyuzi. Nikamtajia bei, akaomba nipunguze, nikapunguza, akaomba tena kwa sababu ya mikwaruzo. Nikamweleza habari za kiwanda.

"Mwanangu," akasema, "mimi mwenyewe nina mikwaruzo, wala hakuna aliyenipandishia bei."

Nikapunguza tena. Nikamwongezea na waya.

Mwezi uliofuata alitualika kwenye harusi ya mpwawe, Likoni. Mke wangu akaingia kwa wanawake. Sisi wanaume tukabaki nje ya ukuta kwenye viti vya plastiki, tunakunywa kahawa na tangawizi. Ghafla gitaa likapaa ndani, na vigelegele nyuma yake. Jamaa niliyeketi naye akaanza kutikisa goti.

Sikuweza kujizuia. "Gitaa hilo lilikuwa langu. Nililipiga miaka mingi."

Akasikiliza kidogo, akameza kahawa yake.

"Alhamdulillahi uliliuza," akasema.