Bahari ya Kitambaa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kaunta ya studio ya picha hapa Kolwezi, nikingojea picha mbili za pasipoti. Mbele yangu alisimama mama mmoja na watoto wake watatu, wote katika nguo za Jumapili. Mpiga picha akawashushia nyuma yao kitambaa chake kikubwa kilichochorwa bahari na minazi.

Mama akainua mkono, akaashiria kitambaa kiondolewe. "Tata, tosha hiyo bahari."

"Lakini mama, batu bote banaipendaka!"

"Mwaka ya kupita tulipiga foto mbele yake, tukamutumia shemeji yangu kule Muanda. Yeye bahari iko kwa mulango yake. Akaniuliza: mulifika lini huku, mbona hamukunipitia?"

Tukacheka wote. Mama mwenyewe hakucheka.

"Batoto bake banaonaka bakobe ba bahari. Muzuri. Bangu banaogaka mu ziwa Nzilo, hapa karibu, banachomaka samaki pa muchanga. Baonekane mu ziwa yabo! Uko na kitambaa ya Nzilo?"

Mpiga picha akajikuna shingo. "Hapana, mama. Mi nilizaliwa hapa, lakini kule sijafika."

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akachukua kamera juu ya kaunta, akamvisha shingoni kama medali. "Twende."

Dunia inatujua kwa mashimo ya shaba, na sisi wenyewe tulikuwa tunajipamba kwa bahari ya wenzetu. Picha zangu sijazipata mpaka leo. Mlangoni pa studio kuna karatasi yenye herufi kubwa, kama za mtu aliyepandishwa cheo: NIKO NZILO.