Zamu ya Vumbi

Niliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba, lakini kuuliza sikuacha. Mwaka ule nilikuwa kibarua kwenye stoo ya mahindi Kitale, nikishona magunia mlangoni, penye mwanga na upepo. Simu mfukoni, waya sikioni, nilisikiliza mhadhara juu ya ukomunisti. Mhadhiri alisema kazi ikiwa mali ya wote, hakuna atakayefungwa kwenye kazi moja mpaka mwili wake uchukue umbo la kazi hiyo. Nilisimama, sindano hewani. Nilikuwa nimetoroka kazi Kachibora, nikatoroka nyingine Ndalu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ugonjwa wangu una nadharia.

Wakati wa chakula cha mchana niliwahubiria wenzangu. Mama aliyekuwa akichekecha mahindi ndani, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, aliniuliza:

"Sasa huko kwa ukomunisti, nani anakula vumbi?"

"Wote, mama. Kwa zamu."

"Si basi tuanze kesho? Ama ni mpaka serikali ianguke?"

Watu walicheka, lakini kesho yake alikuja akachukua sindano yangu, akaketi mlangoni. Msimamizi hakujali, bora magunia yajae. Nikaingia ndani. Vumbi la mahindi linawasha shingo, linakaa kooni kama unga mkavu. Nilijipa moyo kwamba haki imeanza, ingawa mahindi yalikuwa bado ya tajiri. Sisi tulikuwa tumegawana vumbi tu. Tukaendelea hivyo, leo yeye, kesho mimi.

Kisha dada yangu akapiga simu kutoka Kanduyi. Fundi wa milango ya chuma anatafuta msaidizi, nije haraka. Zamani ningeondoka bila kuaga. Nafasi ya kibarua hujazwa na mtu usiyemjua, naye hakujui. Safari hii nilimjua atakayeumia.

Nilimwambia mama.

"Ati unaenda? Si ni wewe ulituletea haya maneno?"

"Msimamizi ataleta mtu mwingine."

"Ataleta. Na huyo atakubali zamu? Atakaa hapo mlangoni, bana, mimi nirudi ndani mpaka nizikwe na chekeche." Akanitazama. "Huko kwa ukomunisti wako, mtu akitaka kwenda anafanyaje?"

Usiku nilisikiliza tena mihadhara yote. Wahadhiri walieleza viwanda, ardhi, mashine. Hakuna aliyemtaja mtu anayetaka tu kuondoka. Nilikuwa nimetafuta kazi isiyo na kamba, na kamba nilikuwa nimeisokota mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya kuingia, nilimpigia dada nikamwambia nafasi apewe mwingine.

"Wewe! Nini inakushika huko Kitale?"

"Zamu."

"Zamu ni nani? Umeoa na hujatuambia?"

Nilikata simu, nikajifunga kitambaa puani, nikaingia.