Maji ya Werugha kwa Pikapu ya Babu

Ilianza Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, katika wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule kwa likizo ya Agosti. Nakumbuka saa kwa sababu redio ya jikoni ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na Mama alikuwa ameshaniita mara mbili nikanywe chai. Mimi nilikuwa uani, nyuma ya pikapu ya marehemu babu, nimeinamisha kichwa juu ya karai. Pikapu ile ilikuwa na harufu yake ya asubuhi kabla haijawashwa: dizeli, sifongo ya kiti iliyozeeka, na majani ya kabichi yaliyosahaulika nyuma tangu soko la juzi. Hata leo nikipita karibu na gari kuukuu lililolala nje, hupunguza mwendo kabla sijajua kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, na nilikuwa najimwagia kichwani maji ambayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya gari.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya ile kampuni ambayo huku kwetu mtu akisema tu "pikapu" bila kuongeza jina, kila mtu anajua ni ipi. Babu aliinunua kutoka shamba la mkonge alikokuwa nyapara, meneja alipoletewa mpya. Ilifika kwetu tayari imechoka, halafu ikakataa kufa. Ilibeba mabibi harusi wawili wa ukoo wetu, na majeneza pia. Msimu ambao ndovu walimaliza mashamba kule Kasigau, ilimpelekea shangazi mahindi kwa barabara ambayo trekta ilikuwa imekwama. Wenye pikapu kama hiyo mjini Voi walikuwa kama ndugu. Jumapili mchana walikutana kwenye gereji ya Fundi Odera kando ya reli, wanafungua boneti kama watu wanaoonyeshana watoto. "Yangu haijawahi kufunguliwa injini tangu Mzee akiwa hai," mmoja anasema. "Hiyo yako bado changa," anajibiwa, "yangu ndiyo ilimbeba baba yako akienda kuposa, na akakataliwa!" Baba yangu, ambaye nyumbani husema maneno machache, pale alicheka mpaka akashika magoti. Fundi Odera hakucheka sana. Baba yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, yeye akazaliwa hapa hapa Voi, na alikuwa na tabia ya kuinamisha sikio juu ya injini, amefumba macho, huku akitunyooshea kidole tunyamaze.

Babu alituachia sheria moja kuhusu gari lile. Maji ya visima vya Voi yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na birika la chai hushika ukoko mweupe ndani ambao mama zetu huukwangua kwa kijiko. Babu alisema kinachotokea kwenye birika kitatokea kwenye rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, kwa hiyo gari lake halitakunywa maji ya Voi hata tone. Kila Jumamosi Baba alipopanda Werugha, kule milimani, kwa nyanya yangu kuchukua kabichi na karoti za kuuza, alirudi na mitungi miwili ya maji ya chemchemi. Mmoja ulikuwa wa chai, ukawekwa jikoni chini ya macho ya Mama. Mwingine, uliofungwa utepe mwekundu, ulikuwa wa pikapu. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo, na kila asubuhi ilidai kama lita moja hivi. Kazi ya kuijaza ilikuwa yangu. Jirani yetu Mama Saumu alikuwa akichungulia juu ya ua na kusema, "Haya jamani, gari linakunywa maji matamu, watoto wa watu wanakunywa magadi!" Baba alimjibu kwamba watoto wana daktari wa bure, gari halina.

Sasa nywele zangu. Kwa maji ya kisima zilikuwa zinakauka na kunata, na mimi, ambaye sipendi kabisa kutazamwa, nilitazamwa siku ambayo Mkawasi, niliyekaa naye dawati moja, alizishika na kutangaza kwa darasa zima: "Wakesho, mama yako anasugulia sufuria na kichwa chako?" Walicheka mpaka mwalimu akacheka kidogo, halafu akajifanya anakohoa. Sikulia. Nikarudi nyumbani nikafikiria mtungi wenye utepe. Jumatatu ile niliosha nywele kwa maji ya Werugha kwa mara ya kwanza nikiwa Voi. Povu lilifurika mpaka kwenye masikio, likawa linanong'ona. Nilipomaliza, mtungi ulikuwa umebaki nusu. Nikaujaza kwenye bomba la kisima, nikainua glasi ya maji yale kwenye mwanga, nikayaona safi kabisa. Nikajiambia maji ni maji. Wiki iliyofuata sikungoja hata nusu ibaki. Niliyamimina yote kwenye ndoo yangu niliyoificha nyuma ya banda la kuku, nikajaza mtungi maji ya chumvi, nikafunga utepe vizuri. Nilifanya hivyo likizo nzima. Mkawasi tulipokutana sokoni aliniuliza natumia mafuta gani, na niseme ukweli, ile ilikuwa mojawapo ya siku tamu za maisha yangu.

Pikapu ilichemka siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, kwenye kona za kupanda Wundanyi, Baba akiwa kwenye usukani nami kando yake. Kwanza sindano ya joto ilipanda. Baba akaigonga kwa kidole kama mtu anayeamsha mzee aliyesinzia. Kisha ikaja harufu tamu ya chuma kilichoungua, halafu mvuke mweupe ukafunika kioo, na injini ikatoa mlio mmoja kama ufunguo unaoanguka sakafuni, ikanyamaza. Vijana waliokuwa wakipalilia kwenye matuta walisimama na majembe. "Mzee, hata hii hufa?" mmoja aliuliza, na hakuwa anatania, alishangaa kweli. Baba alikaa kando ya barabara kwenye ukungu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama alivyoishika siku ya mazishi ya babu.

Ilivutwa mpaka kwa Fundi Odera. Miezi miwili kabla ya hapo, ni yeye aliyekuwa amebadilisha gasketi ya injini, kwa hiyo wale wenye pikapu walikuwa wameshafika na hukumu mfukoni. Injini ilipofunguliwa, gasketi ilikuwa imeungua na chuma cha juu kimepasuka. Fundi alifungua rejeta, akaingiza kidole, akakitoa na unga mweupe kwenye ncha. Akauweka kwenye ulimi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake, na nilijua kabla hajauliza.

"Baba Wakesho," alisema polepole, "mnatia maji gani humu?"

"Unaniuliza mimi swali hilo?" Baba alipandisha sauti. "Gari hili halijawahi kunywa maji ya Voi tangu Mzee alitoe shambani. Wewe si unajua? Muulize huyu mtoto. Ndiye anayejaza kila siku."

Wanaume wote wakageuka. Walikuwa kama saba. Fundi Odera alichuchumaa ili macho yake yawe sawa na yangu, na akaniuliza kwa upole, tena kwa upole mno, "Mtoto wangu, maji ya wapi?"

Nikasema, "Ya Werugha."

Maneno mawili tu. Fundi aliniangalia kidogo, kisha akaangalia mikono yake, akaigeuza juu na chini. "Basi labda ni mimi," alisema. "Labda kuna bolti sikuikaza sawa." Nyuma yake mtu akasema, "Si labda, Odera. Ni wewe." Mwingine akasema fundi huyu arudi kwenye baiskeli.

Wakati ule wale wenye pikapu walikuwa wameanzisha kikundi chao kwenye simu, na jioni hiyo, tukiwa tunakula, Baba alituma humo ujumbe wa sauti. Naukumbuka wote: "Jamani, mimi gari la baba yangu limeuliwa na mkono wa mtu. Anayetaka lake liishi, asipite kwa Odera." Alikuwa na uchungu, sauti ilikuwa inakatika. Katika kikundi kile, sauti ya mtu mwenye uchungu ilitosha. Jumapili iliyofuata gereji ilikuwa tupu. Nilipokuwa darasa la saba banda lake lilishageuka kibanda cha kuchomea nyama, na nikasikia watu wakisema Odera alihamia Mboghoni, karibu na Taveta. Pikapu yetu iliuzwa vipande vipande. Mimi niliacha kuosha nywele kwa maji matamu siku ile ile ilipokufa, kama vile nikiacha itasaidia mtu.

Miaka sita imepita. Niko kidato cha tatu, na katika daftari zangu, ambamo naandika kila siku tangu nilipofika sekondari, nimeeleza habari za walimu, za ndoto, za mvulana mmoja ambaye hajui kama niko duniani, lakini hadithi hii sikuiandika hata mstari. Mambo yamebadilika. Baba ana gari dogo la kampuni nyingine, linalotiwa maji ya kijani kutoka dukani, na hakuna mtoto anayetumwa kuinua boneti. Kikundi cha simu kingali hai, ingawa wengi wameuza pikapu na wamebaki kuzungumzia walizokuwa nazo. Utotoni nilidhani uongo wangu ulikuwa mdogo kwa sababu nilikuwa mdogo. Nilikuwa nikijiambia kwamba gari lenyewe lilikuwa limezeeka, lingekufa tu. Kwamba Fundi ana kazi nyingine huko aliko. Kwamba nikikua nitasema. Nimekua, nikaona kwamba kusema ni kugumu zaidi ya zamani, maana sasa ningelazimika kueleza pia miaka yote ya kunyamaza.

Ijumaa iliyopita, saa kumi jioni, tulikuwa tunakunywa chai uani. Simu ya Baba ililia, akavaa miwani, akaanza kucheka. "Sikilizeni hii," alisema. "Mwenzetu mmoja amemkuta Odera huko Mboghoni, anatengeneza pampu za maji za wakulima. Akamwomba amtazamie pikapu. Odera amekataa! Amesema hagusi tena injini ya gari, asije akaua lingine." Chini ya ujumbe watu walikuwa wameweka vicheko, safu kwa safu. Mama akasema, "Angalau anajijua." Niliweka kikombe chini.

Nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza na nywele, nikarudi kwa Mkawasi, nikaruka kwenye utepe, na Mama akaniambia nitulie, haelewi nasema nini. Lakini Baba alikuwa ameshaelewa. Alivua miwani. Aliuliza jambo moja tu: "Hata pale Odera alipokuuliza, ulikuwa unajua?" Nikajibu, "Hata pale." Sikupigwa wala kukaripiwa, ingawa ningependelea hivyo. Alikaa na simu mkononi muda mrefu, akianza kubonyeza halafu akiacha, mwishowe akasema, si kwangu hasa, "Na mimi nilimtangaza."

Kesho yake asubuhi tulitoka Voi saa kumi na mbili, Baba na mimi, bila redio. Tulifika Mboghoni jua likiwa limeshapanda juu ya migomba na mifereji imejaa. Fundi Odera alikuwa amepiga magoti kando ya pampu, mvi zimemjaa kichwani. Alimtambua Baba, akasimama kwa tahadhari kama mtu anayetarajia kudaiwa. Baba alimsalimia, akajaribu kuendelea, akashindwa, akanisogeza mbele kwa kiganja mgongoni. Nilisema nikiangalia matope. Nilisema maji yalikuwa ya kisima, likizo nzima, na kwamba nilijua siku ile aliponiuliza, na kwamba nilimdanganya. Mwisho nikasema, "Fundi, nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Kila siku?" Nikasema kila siku. Akatazama mikono yake, vile vile alivyoitazama siku ile, lakini safari hii hakuigeuza. "Nilizikaza," alisema. "Bolti zote kumi. Nilizikaza mara mbili. Usiku nalala nazihesabu, nafika ya saba napotea." Kisha akageuka kuelekea nyumba ya mabati iliyokuwa nyuma ya migomba, akaita kwa nguvu, "Mama Atieno! Mama Atieno, acha hiyo kazi, njoo hapa!" Mkewe akatoka akipangusa mikono kwenye leso, akatuona, uso wake ukakunjamana. Fundi Odera akanigeukia.

"Rudia," akaniambia. "Sema tena, asikie. Na usiangalie chini."

Nami, ambaye darasani mwalimu huniomba kila siku nipaze sauti, niliinua kichwa, nikamtazama yule mama machoni, nikaanza tena tangu mwanzo.